Kukojoa damu si UTI mpaka kipimo kiseme: naishi bila kibofu cha mkojo, karibuni mniulize

MwalimuMstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Juzi kulikuwa na uzi humu, kijana anaeleza kwamba anakojoa damu, na majibu karibu yote yakawa ya aina moja: kunywa maji mengi, meza antibayotiki ya siprofloksasini, hiyo ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mwingine akamwambia ni kisonono, akamuulize mpenzi wake vizuri. Nimeona nisikae kimya. Mimi kibofu changu kilitolewa miaka kadhaa sasa kwa sababu ya saratani, mkojo wangu unatokea tumboni na kuingia kwenye mfuko. Nakula, napanda bodaboda, na jioni nafundisha hesabu watoto wa mtaani. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie, ni ugonjwa wa ualimu.

Nimezaliwa Kanda ya Ziwa, kule kwenye majaruba ya mpunga na malambo ya kunyweshea ng'ombe. Waliokulia huko wanajua. Mvulana akianza kutoa damu mwishoni mwa mkojo hakuna aliyeshtuka, tulichukulia ni kukua. Tulikuwa tunapanga mstari nyuma ya darasa kuona ya nani nyekundu zaidi. Nyumbani hakuna aliyesema, maana baba naye alipitia hayohayo.

Kile kilikuwa kichocho. Mnyoo wake mdogo unatoka kwa konokono wa maji yaliyotuama, unapenya ngozi ya mguu ukiwa umesimama kwenye jaruba, unasafiri kwenye damu na mwisho wake unatulia kwenye mishipa inayozunguka kibofu. Jike anataga mayai yenye mwiba nchani. Mengine yanatoboa ukuta na kutoka na mkojo, ndiyo ile damu. Mengine yanakwama humohumo kwenye ukuta wa kibofu. Ukuta unavimba, unafanya kovu, unavimba tena, mwaka hadi mwaka, na kwa baadhi ya watu chembe za ule utando zinabadilika tabia. Daktari Theodor Bilharz aliuona mnyoo huu Cairo mwaka 1851, na mwaka 1911 daktari mwingine hukohuko Misri, Ferguson, akaandika kuhusu uhusiano wake na saratani ya kibofu. Mwaka 1994 IARC, taasisi ya saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ikaitangaza kichocho hiki kuwa kisababishi cha saratani, kundi moja na sigara. Kwa hiyo si habari mpya. Ni sisi tu ambao haijatufikia huku kwenye majaruba.

Turudi kwangu. Nikiwa nimeshavuka hamsini, damu ilirudi. Haikuuma. Nasisitiza hapo kwa sababu wengi wanasubiri maumivu ndipo waende hospitali. Ilikuja rangi ya juisi ya rozela, ikakaa siku mbili, ikakata yenyewe. Ndivyo saratani hii ilivyo janja: inatoa damu, inakata, wewe unamshukuru Mungu na kuendelea na shughuli. Kila ikirudi nilikwenda kituo cha afya cha karibu, mkojo unapimwa kwa kijiti, naambiwa maambukizi, napewa dawa, damu inakata (ingekata hata bila dawa), wote tunaridhika. Mpaka siku yalipotoka mabonge, yakaziba njia, mkojo ukagoma kabisa. Nikawekewa mpira na kibofu kikaoshwa kwa maji ya dripu usiku kucha. Asubuhi mtu wa altrasaundi akageuza kioo nione: uvimbe umekaa ukutani mwa kibofu, umejitokeza ndani.

Baada ya hapo nikapewa rufaa. Hospitali ya rufaa waliingiza kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo, wakachukua kinyama, kikapelekwa maabara. Jibu: saratani ya chembe bapa, ile inayohusishwa na kichocho, imeingia kwenye msuli wa kibofu. Kipimo cha picha cha CT kikaonyesha haijasambaa. Aina hii haisikii sana dawa za saratani za dripu, tegemeo lake kubwa ni kisu, kuondoa kibofu chote. Kwa mwanamume wanaondoa na tezi dume, na tezi za limfu za nyonga.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mtaani ni namna mkojo unavyopata njia mpya. Wanakata kipande cha utumbo mwembamba, kama sentimita 15, utumbo uliobaki wanauunga tena ufanye kazi yake. Mirija miwili ya figo inashonewa kwenye hicho kipande, na ncha yake moja inatolewa nje ya tumbo upande wa kulia, chini ya kitovu. Pale nje inaonekana kama kitufe chekundu chenye unyevu, kinaitwa stoma. Hakiumi ukikigusa kwa sababu hakina mishipa ya fahamu ya maumivu. Mkojo unachuruzika muda wote, huwezi kuubana, ndiyo maana kuna mfuko. Operesheni ya namna hii ilienezwa na daktari Bricker wa Marekani tangu mwaka 1950, kwa hiyo madaktari wana uzoefu nayo wa miaka mingi.

Siku moja kabla ya operesheni alikuja nesi na kalamu ya wino usiofutika. Akaniambia nikae, nisimame, niiname kama nafunga kamba za viatu, nifunge mkanda wangu wa kawaida. Kila mara anaangalia tumbo linakunjika wapi. Ndipo akaweka alama. Wakati ule nilidhani ananichosha bure. Baadaye wodini niliona mwenzangu aliyefanyiwa operesheni ya dharura bila kuwekewa alama, stoma yake iko kwenye mkunjo, bamba la kubandikia mfuko halishiki, anavuja kila siku. Kama kuna mtu wako anakwenda kufanyiwa operesheni hii, DAI hiyo alama.

Nawasilisha hayo kwanza. Ulizeni, nitajibu ninachokijua. Mambo ya kitabibu wapo wahudumu humu.

Ngosha_wa_Kahama

Mwalimu shikamoo. Ulivyosema kupanga mstari nyuma ya darasa nimecheka halafu nikaacha kucheka. Sisi tulikuwa tunakojoa ukutani, anayetoa nyekundu anaitwa kapteni.

Nakumbuka zile dawa za shule. Wanakusimamisha kwenye fito yenye alama, ukifika alama fulani unapewa vidonge idadi fulani. Vikubwa, vichungu, na kama hujala uji unaona nyota mchana. Wengine tulikuwa tunavificha chini ya ulimi tunavitupa chooni. Swali langu: sisi tuliokuwa na kichocho utotoni wote tunaisubiri hii kitu?

MwalimuMstaafu

Marahaba ngosha. Hapana, walio wengi waliougua kichocho hawapati saratani. Hatari inapanda kwa mtu aliyekaa nacho miaka mingi bila tiba, akirudi kwenye maji yaleyale kila msimu. Zile za fito ni prazikwanteli, na fito ile ni ujanja mzuri tu wa kukadiria uzito kwa urefu pale pasipo na mzani. Inaua mnyoo uliokwisha kukomaa. Makovu ambayo yalishafanyika haiyafuti, ndiyo maana umri wako wa sasa si kinga. Ukiona damu hata mara moja, hata kama imekata, usiishie kwenye kijiti cha mkojo.

Jambo jingine ambalo wengi hamlijui: kuna utafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2013, walipitia wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu. Zaidi ya nusu walikuwa na hii ya chembe bapa, na mayai ya kichocho yalionekana kwenye vinyama vya karibu nusu ya wagonjwa wote. Ulaya na Marekani aina hii ni ya nadra, wao mchawi wao mkubwa ni sigara.

BintiKisauni

Mwalimu, pole na hongera kwa kusimama. Mimi niko Mombasa. Mamangu ametibiwa UTI mwaka mzima na zaidi, zahanati moja hadi nyengine. Walidhani pia ni mambo ya hedhi kurudi, akapelekwa kwa daktari wa wanawake. Amezaliwa na kulelewa Msambweni, walikuwa wakioga na kufua mtoni, na kichocho alikuwa nacho utotoni, anakumbuka mwenyewe. Sasa tumeambiwa ni saratani ya kibofu, imeingia msulini, haijaenda mbali. Daktari anasema kibofu kitoke. Pia figo moja imevimba kwa sababu mrija wake umebanwa.

Mama amekataa. Hataki kusikia habari ya mfuko. Sisi watoto tumechoka kubembeleza na kila mmoja wa ukoo ana dawa yake.

NesiWaZamu

Pole sana dada. Nafanya kazi wodi ya mkojo, kwa hiyo niseme machache. Wanawake kuchelewa kugunduliwa ni jambo tunaloliona mara kwa mara, damu ikionekana mawazo yanakwenda UTI au hedhi.

Hiyo figo iliyovimba msiiache isubiri mabishano ya ukoo. Mrija ukiwa umebanwa, mkojo unarudi nyuma na figo inaharibika taratibu bila kuuma sana. Ulizeni kipimo cha damu cha figo, kriatinini, imefika ngapi. Kuna uwezekano wakamwekea mrija mdogo wa muda kupitia mgongoni utoe mkojo moja kwa moja kutoka kwenye figo. Hiyo haimfungi kukubali operesheni kubwa, inampa muda wa kufikiri akiwa na figo zake mbili.

Na tafadhali, mizizi na majani ya kuchemsha kipindi hiki HAPANA. Baadhi yanaumiza figo hata za mtu mzima wa afya, sembuse huyu.

TibaAsili_Original

Ipo dawa inayeyusha uvimbe wa kibofu bila kisu, wengi wamepona. Njoo PM.

Ngosha_wa_Kahama

Nilijua tu utakuja.

MwalimuMstaafu

Ndugu TibaAsili, weka hapa hadharani: kamera kabla na kamera baada, na jibu la maabara la kinyama. Kama huna, muache binti wa watu. Mwenzangu wa kitanda cha jirani aliondoka wodini kwenda kunywa dawa ya namna hiyo, damu ikakata kwa muda kama kawaida yake, akatangaza amepona. Aliporudi hakukuwa na cha kukata tena, ilikuwa imeshafika kwenye mifupa.

BintiKisauni, mama anakataa kwa sababu gani hasa? Muulize vizuri. Mke wangu alidhani naogopa kufa, kumbe mimi nilikuwa naogopa kunuka darasani.

Mpemba_Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Nami nimo. Mimi ni wa Pemba, naishi Muscat. Yangu ni aina nyengine, ile ya utando wa juu, haijaingia msulini. Daktari aliniuliza sigara ngapi kwa siku na tangu lini, nikajua pale pale anakoelekea. Sumu za moshi zinachujwa na figo halafu zinakaa kibofuni zikingojea uende msalani, kibofu kinaogelea humo masaa.

Sikutolewa kibofu. Walikwangua uvimbe kwa kupitia njia ya mkojo, kisha nikaanzishiwa BCG. Naam, ni ile ile ya kifua kikuu anayochanjwa mtoto mchanga begani ikaacha kovu, ila hii inatiwa kibofuni kwa mpira. Vijidudu hai waliodhoofishwa wanaamsha askari wa mwili, askari wakija wanapambana na mabaki ya saratani. Aliyeanza kuandika tiba hii ni daktari Alvaro Morales wa Kanada, mwaka 1976. Duru ya kwanza ni mara moja kila wiki kwa wiki 6, baadaye kuna duru fupi fupi za kulinda zinazoweza kufika miaka 3.

Mambo ya kweli ya BCG: unaibana masaa mawili. Ukikojoa unakaa kitako, usisimame, ili isiruke, na unafanya hivyo masaa 6. Kila ukitoka unamwaga klorini chooni unaiacha robo saa ndipo unavuta maji. Usiku ule unakojoa moto. Mwili unauma kama mtu mwenye homa ya mafua, kesho yake au kesho kutwa inaondoka. Homa kali isiyoshuka usivumilie, rudi hospitali na uwaambie umetiwa BCG, maana asiyejua atakutibu malaria. Na ukiona damu ya kuonekana siku ya miadi, sema, hawatii dawa siku hiyo.

Halafu kamera. Miaka miwili ya mwanzo kila miezi 3, maana aina hii inapenda kurudi. Hilo ndilo linalochosha kuliko dawa. Wiki ya kamera mke wangu ananijua, nakuwa mkali kwa kila kitu, hata chai ikipoa kidogo.

NesiWaZamu

Umeeleza vizuri kaka. Niongeze kwa wasomaji: BCG ni kwa saratani ambayo haijaingia msulini na ni ya ile aina ya utando. Kwa chembe bapa kama ya mwalimu, au iliyoingia msulini kama ya mama yake BintiKisauni, siyo tiba, msije mkaibeba kwenda kubishana na daktari. Na hata anayestahili anaweza kuambiwa haipo, dunia nzima imekuwa ikiadimika, kuna dawa nyingine za kutia kibofuni wanazotumia badala yake. Chanjo ya begani uliyochanjwa mtoto haikukingi na saratani hii.

BintiKisauni

Nimemkalisha mama jana usiku, sisi wawili tu. Mwalimu ulisema kweli. Haogopi kisu. Aliniambia: "Mwanangu, mimi na mkojo kiunoni nitaswalije? Nitakuwa najisi mpaka siku ya kufa?" Akalia. Kumbe mwaka mzima hakuna aliyemuuliza.

Mpemba_Muscat

Mpe salamu zangu bi mkubwa. Hili lina jibu na ni la siku nyingi, wala si la mifuko ya kisasa. Mtu ambaye mkojo unamtoka bila kuzuilika ni mwenye udhuru. Sisi wa madhehebu ya Shafii: anasubiri wakati wa swala uingie, anajisafisha, anatawadha, anaswali bila kuchelewesha. Kinachotoka baada ya hapo hakimuvunjii. Kwa kila faradhi anatawadha upya, na sunna anaswali atakazo. Mfuko anaumwaga kabla. Mtafutieni sheikh anayemuamini yeye, aje nyumbani amwambie kwa kinywa chake, asipokee kwa watoto. Mamangu mimi hata nikimwambia jua limechomoza hutoka kuangalia.

Funga ya Ramadhani ni suala jengine, hilo amuulize na daktari, maana mwenye mfuko huu anahitaji maji.

MwalimuMstaafu

Mimi ni Mkristo, hilo la tawadha sikulijua, asante sana mkuu. Ngoja nitoe darasa la mfuko sasa, maana mama atauliza.

Nabadilisha asubuhi kabla sijanywa hata chai, wakati huo mkojo unachuruzika kidogo. Vifaa vyote navipanga kwanza kwenye kiti, maana ukishatoa mfuko hakuna kukimbia kutafuta mkasi. Nasokota kitambaa cha gozi kama sigara kubwa, nakiweka juu ya stoma kinyonye wakati ninasafisha. Maji ya uvuguvugu tu. Sabuni yenye mafuta au losheni hapana, bamba halitashika. Nakausha kwa kugusagusa. Bamba linakatwa tundu kubwa kuliko stoma kwa milimita 2 hivi. Likibana linakata, likiwa pana mkojo unaunguza ngozi. Kabla ya kulibandika nalipasha kwa kulibana kwapani dakika chache, gundi inalainika. Nikishabandika naweka kiganja juu na kutulia. Bamba zuri linakaa siku tatu hadi tano. Mfuko unamwaga ukifika theluthi au nusu, ukiacha ujae unavuta bamba kwa uzito. Usiku naunga mrija kwenye mfuko mkubwa unaoning'inia kando ya kitanda, ileile mifuko ya mpira wa mkojo ya wodini, nalala mpaka asubuhi.

Utaona nyuzinyuzi nyeupe kama kamasi kwenye mkojo. Siyo usaha. Ni utumbo, utumbo kazi yake kutoa ute, haujui kwamba umehamishwa idara. Ukiona chengachenga nyeupe zinakwaruza ngozi kuzunguka stoma, siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, loweka gozi, weka kidogo kisha suuza. Na kunywa maji.

Harufu niliyokuwa naiogopa mimi haikuwahi kutokea darasani. Mfuko mzima hautoi harufu. Dagaa na samaki wanabadilisha harufu ya mkojo wakati wa kumwaga, basi.

Gharama ndiyo mzigo. Mifuko inatoka nje, mikoani haipatikani kirahisi, na bima si kila moja inalipa. Nimeona watu wanafunga mfuko wa nailoni kwa kipande cha kitambaa. Hilo linaniudhi kuliko ugonjwa wenyewe: mtu anafanyiwa operesheni kubwa ya masaa mengi kisha anarudishwa kijijini bila mfuko. Kabla ya kisu ulizeni mifuko itatoka wapi, na atakayewajibu aandike.

NesiWaZamu

Naomba nikazie kitu ambacho hata wahudumu wenzangu wanakosea. Mtu mwenye stoma akienda kituo chochote na homa au bila homa, mkojo ukichukuliwa kutoka kwenye mfuko utaonyesha bakteria. LAZIMA utaonyesha. Mfuko una wadudu, na hata kile kipande cha utumbo kina wadudu wake wa kawaida. Basi anaandikiwa UTI na antibayotiki kila mwezi mpaka dawa zinaacha kufanya kazi. Mkojo wa kupima unachukuliwa moja kwa moja kwenye stoma, mfuko ukiwa umetolewa, na anatibiwa akiwa na dalili: homa, kutetemeka, maumivu ya mbavuni nyuma.

Vipimo vya kufuatilia msiviache: figo kwa damu na kwa altrasaundi, CT kwa ratiba ya daktari, na vitamini B12, kwa sababu kipande cha utumbo kilichokatwa kiko jirani na sehemu inayoifyonza. Upungufu wake unakuja polepole baada ya miaka, ganzi miguuni, uchovu, mtu anasema ni uzee.

MwalimuMstaafu

Kumbe nilirudi palepale, UTI ya kwenye kijiti. Nimecheka peke yangu.

MkeWaMtu

Nimesoma kimyakimya toka juzi. Mwalimu hajagusa sehemu moja na namwelewa, mimi nitaigusa kwa upande wetu. Mume wangu alifanyiwa hii operesheni. Zile neva za nguvu za kiume zinapita jirani sana na tezi dume, kwa wengi zinaguswa. Hakuniambia. Alianza kulala na shati, halafu akahamia chumba cha watoto, nikadhani ana mwanamke. Tulikaa hivyo mpaka siku ya kliniki daktari alipouliza mbele yangu, "Na mambo ya ndani vipi?" Mzee akatazama dirishani.

Kuna vidonge, vinasaidia baadhi. Kuna sindano na vifaa pia. Ila kilichobadilisha kwetu ni yeye kuniruhusu nimbadilishie mfuko. Niliushonea kifuniko cha kitenge, kinakaa juu yake, hauonekani na hautoi jasho. Wanawake nao wanaofanyiwa wanaondolewa kizazi na sehemu ya ukuta wa uke, wanapata maumivu na ukavu, na wao hata kuulizwa hawaulizwi. Kwa hiyo BintiKisauni, kama babako yupo, aingie chumba cha daktari na yeye.

MwalimuMstaafu

Mama, umenisitiri. Yote uliyosema ni kweli na sina la kuongeza.

Ngosha_wa_Kahama

Mimi nimeshaacha kusoma nikaenda kupima. Serious. Altrasaundi safi, kijiti safi. Ila nimeambiwa niache sigara, nimesema nitafikiria.

Mpemba_Muscat

Fikiria ukiwa nje ya duka la sigara.

BintiKisauni

Jamani asanteni. Sheikh wa mtaani alikuja, mama amemuuliza maswali mpaka sheikh akaomba maji. Kriatinini imepanda kidogo, keshokutwa anawekewa ule mrija wa mgongoni. Amesema akitoka hapo atamsikiliza daktari wa upasuaji, hajasema ndiyo, amesema atamsikiliza. Baba atakuwepo chumbani.

Ana swali moja nimwulizie mwalimu. Anafunga kanga kiunoni akipika, na anainama sana akisukuma chapati. Mfuko si utabanwa?

MwalimuMstaafu

Mwambie siku ya kuwekewa alama aende na kanga yake na aifunge vilevile anavyoifunga jikoni, halafu ainame mbele ya nesi kama anasukuma chapati. Stoma ikae juu zaidi au chini zaidi ya pale fundo linapokaa, fundo lenyewe lisiikandamize. Kanga anaweza kuifunga juu ya mfuko bila kukaza. Ndoo ya maji na gunia la unga anyanyue mtu mwingine, pale tumbo lilipotobolewa panaweza kufanya ngiri. Chapati ruksa.